Akaunti mbili za Git, kompyuta moja

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Laptopu ni moja, na komiti za ofisini (mabadiliko ninayohifadhi kwa Git, programu ya kutunza historia ya msimbo) zinatoka na barua pepe yangu binafsi. Nifanyeje? – Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Miradi yote ya ofisi iweke kwenye folda ~/kazi. Kisha mwishoni kabisa mwa faili ~/.gitconfig andika:

[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
path = ~/.gitconfig-kazi

Mkwaju (/) wa mwisho baada ya kazi usiusahau: ukikosekana, miradi iliyomo haiguswi, na Git hainung'uniki hata kidogo. Halafu:

git config -f ~/.gitconfig-kazi user.email (anwani ya ofisi)

Ufunguo wa SSH (faili linalokutambulisha kwa seva) nao uwe wa pili, maana GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, haikubali mmoja kwa akaunti mbili. Kwenye faili lilelile la ~/.gitconfig-kazi, core.sshCommand iwe "ssh -i ~/.ssh/kazi -o IdentitiesOnly=yes"; bila hilo neno la mwisho, ssh-agent (programu inayotunza funguo zako) huweza kutanguliza ufunguo wa nyumbani. Hakiki ukiwa ndani ya mradi: git config user.email. Komiti za zamani zitabaki zilivyo.