Uzamili wa afya ya mama na mtoto: maswali yenu

Maswali kuhusu uzamili wa afya ya umma, mkondo wa mama na mtoto, yamerundikana. Leo najibu matano.

Mimi ni muuguzi mkunga mwenye shahada ya kwanza. Nikimaliza uzamili huu nitaruhusiwa kupasua wajawazito?

Hapana. Anayetaka kisu aende kwenye udaktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Huku swali hubadilika. Mama akitokwa damu, wodini unahangaika kuizuia. Huku unauliza kwa nini alifika amechelewa, kwa nini dawa ilikuwa imeisha stoo, na wangapi kama yeye hawakufika kabisa.

Mapema tu utafundishwa ucheleweshaji wa aina tatu, ulioelezwa na watafiti Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Wanafunzi wengi hukimbilia ule wa pili, barabara na usafiri, kwa sababu unaonekana kwa macho. Mimi ningekaa zaidi na wa tatu. Akina mama wengi siku hizi wanajifungulia kituoni, na wapo wanaofia humo humo.

Hesabu zilinitoa jasho sekondari. Takwimu nitaziweza?

Kukokotoa ni kazi ya kompyuta. Kazi yako ni kufikiri, na hapo ndipo wengi hukwama, hata waliopata alama nzuri za hesabu.

Chukua kipimo cha vifo vya uzazi. Huhesabiwa kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali vifo vya watoto wachanga huhesabiwa kwa kila vizazi hai 1,000. Ndiyo maana malengo ya dunia ya mwaka 2030 yanataka vya kwanza vishuke chini ya 70, na vya pili vifike 12 au pungufu. Asiyejua msingi wa hesabu atadhani watoto wachanga wana nafuu kuliko mama zao! Halafu kuna maana yenyewe: kifo cha uzazi ni kile kinachotokea wakati wa ujauzito au ndani ya siku 42 baada ya mimba kumalizika, kwa sababu inayohusiana na mimba au iliyochochewa nayo. Aliyegongwa na gari hahesabiwi. Aliyefariki siku ya hamsini kwa moyo ulioharibiwa na ujauzito huingia kwenye kundi lingine, la vifo vya uzazi vya baadaye.

Mfano mwingine: mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini. Badala ya kukadiria damu kwa macho, wakunga waliipima kwa mfuko wenye alama uliowekwa chini ya mama, kisha wakatoa matibabu yote kwa mkupuo. Kutokwa damu kukali na madhara yake makubwa kulipungua kwa asilimia 60. Sasa jiulize: kwa nini kura ya kuamua nani apate njia mpya na nani abaki na ya zamani ilipigwa kwa hospitali, si kwa mama mmoja mmoja? Kwa sababu mkunga aliyefundishwa hawezi kusahau ujuzi wake akihamia kitanda cha pili. Ukilielewa hilo, takwimu utaziweza.

Nisome mtandaoni au darasani?

Kama una kazi na familia, mtandaoni panatosha, mradi mafunzo ya vitendo yawepo kweli na si kwenye kipeperushi tu.

Nimekubaliwa vyuo viwili, kimoja kina jina kubwa. Niende kipi?

Waandikie wanafunzi waliopo, si ofisi ya udahili. Uliza msimamizi hurudisha rasimu baada ya muda gani, na kama kuna takwimu za kufanyia kazi. Jina kubwa lenye msimamizi asiyepatikana litakuchelewesha kuhitimu.

Kwa tasnifu nataka kuwahoji akina mama waliofiwa na watoto wachanga. Msimamizi anasita. Ana haki?

Anayo. Mada ni nzuri, lakini kamati ya maadili itakuuliza mama akivunjika moyo katikati ya mahojiano utampeleka kwa nani, na "nitamfariji" halitakubaliwa kama jibu. Tafuta kwanza mshauri nasaha atakayekubali kuwapokea, andika wazi kwamba mama anaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza huduma yake, na usimfuate kabla hajamaliza maombolezo. Idhini yenyewe inaweza kula miezi.

Ukiona muda haukutoshi, tumia takwimu zilizokwisha kukusanywa, kama za tafiti za kaya zinazosaidiwa na UNICEF, MICS. Unajisajili, unazipata bure. Huenda ukazidharau kwa kuwa hukuzikusanya mwenyewe, ila tasnifu nzuri nyingi zimetoka humo. Hao akina mama wawekee uzamivu, ukiwa na muda wa kuwasikiliza.