Nyumba Ikabidhiwe, Isiombewe Msaada

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: mama aliyechoka, anayetamani kuacha watoto, sufuria na nguo chafu kwa siku moja ajifurahishe, aanzie wapi? Wengi watamwambia atafute pesa kwanza. Pesa zina nafasi yake, nitazifikia. Ila kinachowarudisha nyumbani akina mama wengi kabla ya saa sita mchana ni kwamba mwili umetoka na akili imebaki jikoni. Mama amekaa kando ya Ziwa Victoria pale ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, huku anaeleza kwa simu chumvi iko wapi.

Aanze na maneno yake. Akimwambia baba watoto "nisaidie na watoto Jumamosi," kazi ya kufikiria bado ni yake, na anayesaidia lazima aulize kila hatua. Mwenye zamu haulizi. Kwa hiyo aseme hivi, wiki moja kabla: "Baba Akinyi, Jumamosi nyumba iko mikononi mwako kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Chakula, kuogesha, sare za shule, yote." Saa zitajwe, kwa sababu siku isiyo na mwisho huogopesha anayeachiwa. Kama mama mkwe anaishi karibu, aambiwe na mwanawe. Habari hiyo ikitoka kinywani mwa mkaza mwana inasikika kama kukimbia boma, ikitoka kwa mwana inakuwa mpango wa nyumba. Jumapili haifai: kuna kanisa, na ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye, kwa hiyo atajikuta amepitia huko "mara moja tu" na kurudi na mifuko.

Ijumaa jioni ndiyo inayoamua. Simu nyingi kutoka nyumbani huanza na neno "wapi" au "imeisha". Basi vinavyoisha vikaguliwe: gesi, tokeni za stima, maji ya kunywa, unga, sabuni. Mtungi wa gesi uliokaribia kuisha ubadilishwe hata kama bado unawaka, maana utazima katikati ya ugali. Vinavyopotea viwekwe mezani mahali pa wazi: kadi ya kliniki ya mtoto, dawa, kiberiti, nguo za kubadilisha.

Chakula kinategemea friji. Ikiwepo, githeri ni kimbilio: vikombe viwili vya mahindi kwa kimoja cha maharagwe, vilowekwe asubuhi ya Ijumaa na kuchemshwa jioni mpaka viive. Visikaangwe siku hiyo. Chuja maji, tandaza kwenye sinia vipoe haraka, ndipo viingie kwenye friji. Ukifunika sufuria lingali na mvuke, joto linalala humo ndani, na asubuhi ukifunua unakutana na povu na harufu ya kuchacha. Kesho yake ni kukaanga tu kitunguu, nyanya na karoti, jambo la dakika ishirini. Nyumba isiyo na friji, na joto hili la Kisumu, ni afadhali kuacha vitu vibichi vilivyopimwa: omena zilizochambuliwa, zikaoshwa kwa maji moto na kukaushwa, sukuma wiki iliyooshwa, unga nusu kilo kwa maji lita moja, ugali wa watu watatu au wanne. Asiyepika kila siku hushindwa na vipimo, si moto.

Mama anyonyeshaye asikate tamaa, ila safari yake ni fupi. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi hukaa hadi muda wa saa nne kwa joto lisilozidi nyuzi 25, na mchana wa Kisumu hupita hapo mara nyingi, kwa hiyo bila friji yatumike mapema zaidi. Kwenye friji hukaa hadi siku nne. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kisafi, ambacho ni rahisi kuosha kuliko chupa. Naye mama akamue kila baada ya saa tatu hivi hata akiwa matembezini; matiti yakijaa yakaachwa, hukakamaa na kuuma, na raha yote inaishia hapo.

Kuhusu kupigiwa simu, yakubaliwe mambo machache. Huku kwetu kwenye malaria, mtoto akishikwa na homa hupelekwa kupimwa siku hiyohiyo. Akipata degedege, akikataa kunyonya au akitapika kila kitu, ni hospitali kwanza, simu kwa mama baadaye, akiwa tayari njiani. Mtoto kulia kwa sababu amenyimwa katuni si jambo la kupigiwa simu. Jirani mmoja awe na namba ya mama, na mama apige mwenyewe mara moja, saa saba mchana.

Sasa pesa. Shilingi hamsini kwa siku kwa siku thelathini ni 1,500. Zisikae kwenye salio la kawaida la simu, maana zitaondoka na karo, na chama, na shemeji aliyekwama. Zifungwe kwenye akiba ya mwezi au zishikwe na rafiki mmoja mwaminifu.

Na aende wapi? Wengi hukimbilia saluni. Kusuka misuko myembamba ni kukaa kwenye kiti kimoja hata muda wa saa tano, shingo imeinama na simu iko mkononi, kwa hiyo nyumba inamfuata pale pale. Nywele zisukwe siku nyingine. Mimi ningemshauri ziwa, na alifuate mapema. Jua Kisumu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na mvua ya radi hupenda kuanguka alasiri, upepo wa ziwa ukishapanda nchi kavu. Asubuhi ndiyo yake. Achukue tuktuk au boda hadi Dunga, akubaliane bei ya mtumbwi kabla ya kupanda, na avae jaketi la kujiokolea likiwa limefungwa kamba zote. Lililowekwa tu begani halisaidii mtu. Asitembee ufukweni gizani, maana viboko hupanda kula majani usiku na kurudi majini alfajiri. Asitie miguu kwenye maji ya kina kifupi, kichocho kipo. Aketi tu kwenye mtumbwi kati ya mafunjo asikilize ndege.

Kisha samaki. Achague ngege mzima kwa macho, jicho liwe angavu na shavu jekundu kwa ndani, na bei isemwe kabla samaki hajaingia kwenye mafuta. Amle kwa mikono. Kumla ngege sawasawa kunataka vidole kumi: unaanza na nyama ya mgongoni inayobanduka vipande vikubwa, unashuka ubavuni penye miiba, unamalizia na kichwa, kile kinofu cha shavuni ambacho nyumbani mama humpa mtoto kila mara. Siku hii ni chake. Na mikono yenye mafuta haishiki simu.

Asiye na mume nyumbani, au ambaye mume yuko kazini Nairobi, atafute wenzake watatu kwenye ploti. Wanne wakipokezana Jumamosi, kila mmoja anapumzika mara moja kwa mwezi. Mwenye watoto watatu akitoka, kila anayebaki anaongezewa mtoto mmoja tu. Mtoto aje na unga wake na maziwa yake. Mipango hii huvunjika kimyakimya pale mmoja anapoona analisha wa wenzake, na hakuna atakayelisema.

Arudi saa aliyosema, si mapema, si usiku. Atakuta karai limejaa vyombo na mtoto mdogo amevaa fulana nje ndani. Asioshe chochote jioni hiyo. Akiosha, Jumamosi ijayo vyombo vitamsubiri tena. Aoge, aulize watoto wamekula nini, na kabla hajalala achore duara kwenye kalenda ya ukutani, kwenye tarehe inayofuata, baba watoto akiwa anatazama.

Msomaji, Migosi, Kisumu