Kutazama ndege Mida mwezi wa Oktoba: uliza maji kwanza

Ndugu, umeuliza kama inafaa kulipia matembezi ya kutazama ndege kwenye hori la Mida, kusini mwa Malindi, Jumamosi saa mbili asubuhi, kama hoteli ya Malindi ilivyokupangia. Inafaa sana, na Oktoba ni mwezi mzuri. Ila hiyo saa mbili usiikubali kabla hujajua maji yatakuwaje siku hiyo.

Ndege wa pwani wanaokuja Mida chakula chao kimo topeni. Maji yakipwa, hori lote linabaki tope tupu nao wanatawanyika humo, utaona vidoa tu kwa mbali. Yakianza kujaa wanasogea, wanasogea, mpaka wanabanana kwenye kipande cha mwisho cha mchanga karibu na mikoko. Hapo ndipo unapotaka uwe umeshasimama, umetulia.

Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi alasiri. Asubuhi saa nne hivi yamekauka kabisa. Kwa hiyo ukitoka saa mbili unayafukuzia maji yanayokimbia. Siku hizo nenda saa nane mchana. Mwezi ukiwa nusu, maji mafu, hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hapo mpango wa hoteli unafaa. Mvuvi yeyote atakuhesabia.

Wengi utakaowaona ni vitwitwi wa aina nyingi, na sululu wenye midomo iliyopinda. Kuna vitwitwi wadogo wa kijivu, mdomo umeinama kidogo nchani, wanaozaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia. Wakubwa hutangulia, wengine wako hapa tangu Agosti. Watoto hufuata baadaye, wamezaliwa mwaka huu huu, na hawana mzazi wa kuwaonyesha njia. Mimi hilo sijawahi kulizoea.

Halafu kuna mla-kaa, mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi. Huyu ni kinyume. Huzalia kwenye fukwe za Uarabuni na Ghuba, huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja, na mtoto huja naye mpaka huku. Mwangalie vizuri: yule wa kijivu anayemfuata mkubwa huku akilialia bado anaomba kulishwa. Mida ni mahali pa kutegemewa kuwaona.

Mwongozaji mchukue kijana wa vijiji vya hapo hapo, mwenye darubini ya miguu mitatu. Kuna vitwitwi wawili wanaotofautiana kwa unene wa mdomo na urefu wa miguu tu, peke yako hutawatenganisha. Na akitokea mtu kwenye kundi lenu anataka kuwarusha ndege apate picha, mkatazeni. Wamesafiri maelfu ya kilomita na maji yakijaa hawana pengine pa kupumzika.

Ukibakiwa na siku nyingine, nenda mdomo wa Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi mjini. Kuna shakwe, buabua, na mara nyingine heroe. Huko usiende bila mwenyeji, kwa sababu mtoni kuna viboko. Vaa viatu visivyoogopa tope.