Kabla hujanunua kabureta mpya

Pikipiki yangu, Boxer, ililala miezi minane kwenye korido ya mama mdogo, huku Kadutu, Bukavu, nilipokuwa Kindu kikazi. Niliporudi niliipiga kiki mpaka goti likauma. Iliwaka kwa choki tu, ile inayopunguza hewa ili injini baridi iwake. Nikirudisha choki, inazima; nikishikilia mkono wa mafuta inanguruma, nikiachia, kimya.

Fundi niliyemwita aliinama, akanusa, akasema: "Papa, karbiratere imekufa. Leta dola thelathini." Hata bisibisi hakushika. Nikamwambia nitamwita kesho, na mpaka leo sijamwita.

Pikipiki inayowaka kwa choki na kuzima kwenye ralanti, yaani ikizunguka polepole bila mkono wa mafuta, inakuonyesha yenyewe pa kutazama. Esansi (petroli) ikikaa miezi, sehemu yake nyepesi hupaa, nzito hubaki na kugeuka gundi ya rangi ya chai. Ndani ya kabureta, inayochanganya esansi na hewa, kuna jikleri mbili, yaani vijiskrubu vyenye kitundu cha kupitisha esansi: kubwa ya mwendo na ndogo ya ralanti. Kitundu cha ile ndogo ni chembamba mno, ndiyo maana huziba kwanza.

Lakini usikimbilie huko. Mwaga kwanza esansi yote ya zamani. Mimi niliona hasara, nikaongeza lita moja ya kadhafi, muuza esansi wa barabarani, juu ya ile iliyochacha; nikaishia kumwaga zote mbili. Fungua buji (plagi) uone kama inatoa cheche. Chungulia na kisanduku cha filta ya hewa: changu kilikuwa na kiota cha panya, kimetandikwa vizuri kwa sponji ya kiti changu mwenyewe! Kisha chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, ukinge kopo, ufungue robine, ile koki ya tangi. Esansi itiririke. Ikidondoka tone tone, legeza kifuniko cha tangi; ikianza kutiririka, ujue kitundu cha kupumulia cha kifuniko kimeziba.

Sasa kabureta. Funga robine, legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, panapokaa esansi, kinga chupa nyeupe ili uone. Kwangu maji yalitoka pamoja na esansi, yakajikusanya chini ya chupa kama shanga, hayachanganyiki. Nilipofungua bakuli lenyewe, kuta zake zilikuwa zinanata kama sufuria ya asali. Jikleri ndogo niliielekeza juani: giza tupu. Nikailoweka kwenye esansi safi usiku mzima, asubuhi nikaipitisha uzi mmoja wa shaba uliotoka kwenye waya wa umeme, nikapuliza kwa pampu. Mwanga ukatokea, mdogo kama nyota. Usitumie sindano ya chuma. Itapanua kitundu, na pikipiki itakunywea esansi siku zote.

Skrubu ya hewa usiing'oe kabla ya kuikaza polepole mpaka igote, ukihesabu mizunguko. Yangu ilikuwa miwili, nikaiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Ukirudisha, kaza mpaka igote tena, halafu legeza idadi ileile. Vipira navyo usivitie kwenye tina ya kuyeyushia rangi, vitavimba na havitarudi mahali pake.

Ukimaliza kufunga, fungua robine na usubiri kabla ya kupiga kiki. Esansi ikichuruzika kwenye mrija wa chini, sindano ya boya, inayofunga esansi bakuli likijaa, imekwama au ina uchafu. Nusa pia oili ya injini. Ikinuka esansi, ibadilishe kwanza, hata kama mfuko unalia.

Yangu ilishika kiki ya tatu, ikatoa moshi uliomfanya mama mdogo akimbilie nguo zake kambani.

Juzi nimesafiri tena, wiki sita. Safari hii nilijaza tangi mpaka juu ili unyevu usipate nafasi, nikafunga robine, nikaiacha injini imalize esansi ya kwenye bakuli mpaka ikazima yenyewe. Filta nikaifunga kwa kitambaa, maana yule panya bado yupo.