Mdogo wangu, kochi liache kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimesaini mkataba wa studio, nyumba ya chumba kimoja, mita za mraba 22 pamoja na bafu. Nataka ipendeze kama yako ile ya kwenye picha. Ninunue kochi gani?"

Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Nikacheka, halafu nikanyamaza. Miaka sita iliyopita ningeuandika mimi, ila mimi nisingesubiri jibu.

Picha ile mmeipenda sana, na siwezi kujifanya haikunifurahisha. Lakini ni studio yangu ya mwaka wa sita. Ya mwaka wa kwanza sina hata picha moja, maana nilikuwa naionea aibu.

Nilihamia nikiwa na godoro, masanduku mawili na hasira. Hasira ilitokana na rafiki yangu wa karibu, aliyekuja kuiona kabla sijahamia. Alisimama mlangoni, akazungusha macho mara moja tu, akasema: "Humu mtu akinyoosha mguu si anapiga teke jiko?" Tulicheka wote, yeye kwa dhati. Usiku ule niliapa kwamba siku atakayorudi atakuta sebule. Sebule kamili, yenye kochi la watu watatu.

Nikalinunua. Kijivu, mikono minene, urefu sentimita 210, kina sentimita 95. Sikupima kitu. Dukani lilionekana dogo, na hilo nalijua sasa: kwenye ukumbi wa duka kila kitu huonekana kidogo. Uwazi wa mlango wangu ulikuwa sentimita 78. Wabebaji walilisimamisha kwenye ngazi karibu saa nzima, majirani wakipita kwa ubavu na kunipa pole ambazo hazikuwa pole. Mwishowe tulifungua miguu ya kochi, tukang'oa mlango kwenye bawaba, likaingia huku likichubua rangi ya fremu. Nilipopiga simu dukani kuuliza kama naweza kulirudisha, nilijibiwa kwamba bidhaa ikishatoka imetoka.

Sasa tufanye hesabu niliyopaswa kuifanya mapema. Chumba chenyewe, ukitoa jiko na bafu, kilikuwa na upana wa sentimita 360. Kitanda kilitoka ukutani sentimita 190. Kochi, kwenye ukuta wa pili, lilichukua 95. Zikabaki 75, ambazo ni njia nzuri tu ya mtu kupita. Nami nikaziba njia hiyo kwa meza ya kahawa yenye upana wa 55, kwa sababu sebule gani haina meza? Zilizobaki ni sentimita 20, kumi huku na kumi kule. Kwa miezi minane nilienda kulala kwa kupanda juu ya kochi langu mwenyewe.

Na yule rafiki? Alirudi mara mbili. Mara zote mbili alikaa kitandani.

Ndiyo maana nakwambia, mdogo wangu, kochi liache kwanza. Silichukii. Ila uliza linanunuliwa kwa ajili ya nani. Mimi sikununua pa kukaa, nilinunua jibu la kumpa mtu aliyenicheka, na jibu lenyewe lilikuwa na uzito wa watu wanne. Kaa mwezi mmoja na kitanda, meza na kiti. Angalia unakunywa chai ukiwa wapi, simu unaichaji wapi, nguo ulizovua unazitupa wapi. Chumba kitakwambia. Mimi kiliniambia kwamba siku nzima niko mezani karibu na dirisha, na kwamba kile nilichokiita sebule kilikuwa ghala la nguo ambazo si chafu wala si safi.

Halafu pima. Na kupima si kusoma namba kwenye karatasi. Chukua magazeti ya zamani, yaunge kwa gundi ya karatasi hadi yafikie ukubwa kamili wa kitu unachotaka kununua, yatandaze sakafuni, uishi nayo siku tatu. Usiyakanyage. Ukitoka bafuni usiku ukajikuta umesimama juu ya "kochi", umeokoa pesa zako. Acha walau sentimita 60 za kupita, na 75 pale unapopita kila mara. Usisahau mlango wa kabati unaofunguka kuja nje, nao unadai nafasi yake. Pima mlango wa nyumba, pima na kona ya ngazi.

Kosa la pili sikulisema nilipoweka ile picha. Kabati la nguo nililisukuma hadi likagusa ukuta wa nje, ili nipate inchi mbili. Msimu wa mvua nikawa naanika nguo ndani, dirisha limefungwa. Siku moja natoa koti la kazi, mgongo wake una madoa ya kijani yenye manyoya. Kuvu. Nyuma ya kabati ukuta mzima ulikuwa umeota. Pumzi yako, mvuke wa sufuria na nguo mbichi huishia kwenye hewa ileile ya chumba kimoja, na hewa hiyo ikigusa ukuta wa baridi mahali pasipo na upepo, huacha maji hapo. Tangu siku hiyo kabati langu liko sentimita kumi kutoka ukutani, na dirisha hufunguliwa kila asubuhi hata nikiwa nimechelewa. Koti nililitupa. Lilikuwa zuri.

Taa: taa moja ya katikati ya dari, nyeupe ya 6500K, itafanya kitanda chako kifanane na cha wodini. Namba hiyo ya rangi ya mwanga imeandikwa kwenye boksi la balbu, isome. Mimi nina taa tatu ndogo za 2700K, za mwanga wa njano, moja kitandani, moja mezani, moja nyuma ya kiti, na ndizo zinazogawa chumba bila ukuta. Nikizima ya mezani, nimetoka kazini. Pazia litundike karibu na dari, liguse sakafu. Zulia dogo linapunguza chumba, nunua kubwa au acha kabisa. Hayo mengine mtayaona wenyewe.

Mtu atasema, mbona Le Corbusier, msanifu majengo aliyepanga mji mzima wa Chandigarh kule India, mwaka 1952 alijijengea kibanda cha mita 3.66 kwa 3.66 pwani ya kusini mwa Ufaransa na akakipenda? Ni kweli. Lakini kibanda kile hakikuwa na jiko. Kilikuwa na mlango wa kuingilia mgahawa wa jirani, na huko ndiko alikokula. Wewe vitunguu utavikaangia hatua mbili kutoka kwenye mto wako, na mto utanusa hadi kesho. Kwa hiyo mnapotamani picha za vyumba vya watu, ulizeni kwanza wanapika wapi. Tumezoea kupamba nyumba kwa ajili ya macho ya wapitaji, halafu sisi wenye nyumba tunapita kwa ubavu. Mgeni anakaa saa mbili. Saa zilizobaki ni zako, na bado unampangia yeye!

Samahani, nimeanza kuhubiri.

Kochi niliishia kuliuza kwa nusu ya bei. Kijana aliyelinunua alikuja na wenzake watatu, wakalizunguka wakilisifia. Alisema amehamia mahali padogo, anataka pafanane na nyumbani. Nikamuuliza mlango wake una upana gani. Akanitazama kama niliyemtukana. Nikaingia ndani, nikatoa futi, nikampa aende kupima kwanza.

Hakurudi siku ile. Alirudi Jumamosi, akanirudishia futi, akaniuliza kama nauza na kiti.