Pedi mbovu ya gemu anakaa nayo nani?

Kuna dogo kaniuliza afanyeje, banda la gemu la mtaani kwao kuna mtu "anacheza kishamba", anachukua Eddy tu, yule mpiganaji wa mateke kwenye gemu la ngumi la Tekken 3, anarudia mateke yaleyale. Nikamwambia dogo, chuchumaa.

Mi nimekulia Kirumba, Mwanza, banda letu lilikuwa jirani na soko la samaki la Mwaloni, yani harufu ya dagaa mpaka kwenye pedi. TV ya chogo, anayeshindwa ananyanyuka, sarafu yako ukiiweka juu ya TV ndo zamu yako hiyo na hakuna wa kuigusa. Nilikuja kujua baadae kwamba hata Marekani enzi za gemu la Street Fighter II, 1991 huko, watu walikuwa wanapanga senti 25 zao kwenye mashine kushika zamu, nikacheka sana. Sasa mimi na Eddy nimelia naye kama miezi miwili, mtu hajui chochote anabonyezabonyeza tu we uko chini unagaragara, mpaka mwenye banda akachoka kelele zangu akasema we si uchuchumae uzuie. Teke la chini linazuiwa ukiwa umechuchumaa, basi, ndo dawa yenyewe.

Kumkataza mtu asichukue mpiganaji fulani iwe kweli hakuna namna ya kumzuia, kama Akuma, mpiganaji wa gemu la Super Street Fighter II Turbo ya 1994, yule hata kwenye mashindano walimpiga marufuku, ule moto anaoutupa akiwa hewani unakufungia kila njia. Eddy hajafika huko jamani.

Uonevu wenyewe uko nje ya TV. Umeme ukikatika raundi haijaisha mnarudia, usilete habari za "nilikuwa nakumaliza". Na pedi sasa. Kila banda lina pedi mbili na moja ni mgonjwa. Ya kwetu mshale wa nyuma ulikuwa umekufa, na Tekken kurudi nyuma ndo kuzuia, kwa hiyo ukiishika we ni wa kupigwa tu. Sheria ilikuwa aliyeshinda ndo anakaa nayo, mgeni anapewa nzima.

Likizo moja akaja dogo wa Nansio, kule Ukerewe, hajui hili wala lile, nikampa ile mbovu. Nilikuwa nimeshinda mimi, najua kabisa. Nikampiga mara sita, kila raundi analipa yeye, anasema tu "kaka mi sijui kucheza". Na wenzangu wote wamekausha! Mwenye banda akaja akaishika ile pedi, akabonyeza mara mbili, akaniangalia, akamrudishia dogo hela yake yote halafu mimi akanitoa nje.

Dogo hakurudi tena likizo ile. Siku hizi nikiingia banda lolote nashika kwanza pedi zote mbili nabonyeza mshale wa nyuma, washkaji wanadhani natafuta nzima nijichukulie.