Jibu: Diwani moja kwa watoto na watu wazima
Umeuliza kama mashairi ya watoto na ya watu wazima yanaweza kukaa kwenye diwani moja, yaani kitabu kimoja cha mashairi. Yanaweza, ila usiyachanganye. Yagawe sehemu mbili, ya watoto itangulie.

Kwa wadogo, tathlitha (shairi la mistari mitatu kila ubeti) yenye mizani, yaani silabi, 8 kwa mshororo (mstari), 4 kila nusu, inatosha, na kibwagizo (mstari wa mwisho unaorudiwa kila ubeti) kisichobadilika ili wakidake. Tarbia (mistari minne kila ubeti) ya mizani 16 kwa mshororo huwakata pumzi kabla ya kituo, yaani mshororo wa mwisho. Kosa kubwa ni kukopa msamiati wa kale ili vina (silabi zinazofanana) vitimie: mtu mzima atavumilia, mtoto atafunga kitabu. Maneno magumu yafafanue chini ya shairi lenyewe, si mwishoni mwa kitabu (nani atafungua huko?). Kabla ya kuchapa, yasome yote kwa sauti. Mizani iliyopungua sikio huinasa upesi.